Kanda za Kilimani

Matingatinga yalipoingia kwenye kichochoro kimoja kinachotoka Barabara ya Kindaruma, nyumba iliyokuwa hapo haikumaliza siku. Ilikuwa nyumba ya chini ya zama za wakoloni, yenye paa la vigae, jakaranda mbele na vyumba vya watumishi nyuma. Kilimani imepoteza nyumba nyingi za namna hiyo na wapita njia hawageuzi hata shingo. Lakini msichana mmoja wa chuo kikuu, aliyezaliwa Nairobi na wazazi kutoka Sudan Kusini, alishangaa kuona shangazi yake amesimama mbele ya mabati na hataki kuondoka. Shangazi akamweleza kwamba katika miaka ya 1990 nyumba ile ililaza vijana wengi kuliko magodoro yake, na kwamba baadhi yao walibeba bunduki kabla ya kuota ndevu.

"Na humo ndani walikuwa wakifanya nini?"

"Wakiimba."

Msichana alicheka. Alidhani anataniwa.

Anasamehewa, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Shuleni alisoma Vita Vikuu vya Dunia, akasoma Mau Mau, akasoma juu juu mkataba wa amani ya Sudan uliotiwa sahihi jijini mwake Januari 2005. Hakusoma kwamba vita vya jirani viliishi mtaani kwao kwa zaidi ya miaka 20, vikipanga nyumba, vikinunua unga, vikipanda matatu za 46. Nairobi ndiyo ilikuwa ofisi ya vita vile. Misaada ya Operation Lifeline Sudan ilianza mwaka 1989, ikapitia mji wa mpakani wa Lokichoggio, na waliokuwa wakiiendesha walikuja kupumzika katika mitaa ya magharibi ya jiji: Kilimani, Kileleshwa, Lavington. Wenye vyeo wa kusini mwa Sudan nao waliweka familia zao huku huku. Na nyuma ya wenye vyeo walikuja vijana wasio na cheo chochote: binamu, wapwa, watoto wa marafiki waliokufa.

Vijana hao walikuja na nyimbo, na nyimbo za kwanza hawakuzichagua wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 maelfu ya wavulana walitembea kutoka kusini mwa Sudan hadi Ethiopia. Wengi waliahidiwa shule. Katika kambi ya Pinyudo walipata masomo machache na kwata nyingi, na jeshi la waasi la SPLA likawaita Jeshi Jekundu. Wimbo ulikuwa sehemu ya mafunzo. Uliwapa hatua moja, uliwafukuzia usingizi na njaa, ulimsahaulisha mtoto kwamba bunduki aliyoshika inalingana naye kwa urefu. Nyimbo zilisifu makamanda na kulaani adui, na zaidi ya yote zilisifu kufa. Kila aliyeimba alijitangaza kuwa tayari kutolewa mhanga, hata kama bado alikuwa akimlilia mama yake usiku. Ni lazima isemwe wazi: watoto hawakujitoa. Walitolewa, na wimbo ulifanya ionekane kana kwamba ni wao waliojitolea.

Utawala wa Mengistu ulipoanguka Mei 1991, kambi zile zilitawanyika. Wengi walirudi kwa miguu kwenye vita walivyovikimbia, kisha wakavuka kuingia Kenya, na mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa. Waliokuwa na ndugu Nairobi walishuka hadi Nairobi.

Hapo ndipo anapoingia mzee wa kanda.

Kibanda chake kilikuwa kando ya njia ya matatu, upande wa Hurlingham, kati ya fundi viatu na mama wa mandazi. Kilikuwa cha mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na dirisha lake lilifunguka kwa kuinuliwa juu na kuegemezwa kijiti. Aliyewahi kusimama pale saa nane mchana hasahau harufu yake: plastiki iliyopigwa na jua, mafuta ya mandazi yaliyochemka tangu alfajiri, na ile spiriti ambayo mzee aliichovya pamba kusafishia kichwa cha redio yake ya kaseti mbili. Alikuwa mtu wa Machakos, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Hakuuza kanda mpya nyingi. Kazi yake ilikuwa kunakili, na kutengeneza zilizotafunwa. Angefungua kanda kwa bisibisi ndogo, akate kwa wembe kipande kilichokunjamana, aunge utepe kwa selotepu, kisha aizungushe kwa kidole polepole huku ameinamisha sikio, ingawa kanda inayozungushwa kwa kidole haitoi sauti.

Makanga wa matatu walimletea lingala na rege. Wanakwaya walimletea kwaya. Vijana warefu wa zile nyumba za vichochoroni walimletea kanda zisizo na jalada, zilizopita mikono mingi kutoka Kakuma na Lokichoggio, zimejaa vumbi la Turkana. Mzee hakujua Kidinka wala Kinuer, basi aliziandika kwa jinsi alivyozisikia. Moja iliandikwa "Sudan, ngoma na watoto." Nyingine, "Sudan, mama peke yake." Nyingi zilikuwa nyimbo za kanisa, maana vita vile vilizaa watunzi wa tenzi kwa wingi, hasa miongoni mwa Wadinka wa Bor, na mashuhuri wao alikuwa mwanamke, Mary Alueel Garang. Tenzi hizo zilisema yale ambayo nyimbo za kwata hazikuruhusu: kwamba watu wamechoka, kwamba ng'ombe wamekwisha, kwamba Mungu anaulizwa anakawia wapi.

Shangazi anasema alikuwapo siku kijana mmoja wa nyumba yao alipoleta kanda ya nyimbo za kambini na kutaka ifutwe.

"Upande wote?" mzee akauliza.

"Wote, Mzee. Weka kwaya."

"Hizi zina kosa gani, kijana wangu?"

"Nazijua mno."

Mzee aliifuta kama alivyoombwa. Lakini kabla ya kuifuta aliinakili kwenye kanda yake mwenyewe, akaitia katika katoni iliyokuwa chini ya meza, na hakumtoza kijana hata senti. Kanda tupu wakati huo ilikuwa pesa, na mtu wa kibanda hana pesa za kumwaga. Alipoulizwa baadaye, alisema yule kijana siku moja atakuwa mzee, na wazee hurudi kuuliza vitu vyao.

Mwaka 1993, au karibu na hapo, mvulana mwingine aliingia Nairobi kwa njia isiyokuwa ya kawaida. Jal Jok alikuwa Mnuer, amezaliwa yapata 1980. Alipita Pinyudo, akapigana Ethiopia na Juba, kisha akatoroka na mamia ya wavulana wenzake kuelekea Waat, safari ambayo wengi hawakuimaliza. Huko alikutana na Emma McCune, Mwingereza aliyekuwa akisaidia shule za vijijini kusini mwa Sudan na ambaye mwaka 1991 aliolewa na kamanda wa waasi Riek Machar. Emma alimficha mvulana huyo kwenye ndege ya misaada akamleta Nairobi. Novemba 1993 Emma akafa kwa ajali ya gari jijini, ana miaka 29, ana mimba. Alizikwa Leer, kusini mwa Sudan. Mvulana akabaki na jiji.

Tarehe hizo zimo vitabuni kwa anayezitaka. Waliokuwa Kilimani wanakumbuka kwa namna nyingine: kwamba yule ambaye dunia ingemjua kama Emmanuel Jal alisoma katika chuo chenye jina la Arboretum, ile bustani ya miti iliyopo ng'ambo ya mto Kirichwa, kwamba alianza na nyimbo za injili, na kwamba wimbo wake "Gua" ulipopata nafasi redioni ulichanganya Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer, na watu wasiojua hata nusu ya lugha hizo wakauimba. Sheria za usafiri za waziri Michuki, za Februari 2004, zilikuwa zimezima spika za matatu. Kwa hiyo wimbo huo ulisikika kutoka madirishani, saluni, na kibandani kwa mzee, ambaye hatimaye alikuwa na kanda ya Sudan aliyoweza kuandika jina lake sawasawa.

Mwaka 2005 Jal alitoa albamu ya "Ceasefire" pamoja na Abdel Gadir Salim, Mwislamu wa Kordofan, mpigaji wa udi. Wengi waliona ni picha nzuri, kusini na kaskazini wamekumbatiana, wakaishia hapo. Hawakujua gharama. Mwaka 1994 mtu mwenye kisu aliingia kwenye klabu ya wanamuziki huko Omdurman, akamuua mwimbaji Khojali Osman na kumjeruhi Abdel Gadir mwenyewe. Mzee aliyechomwa kisu kwa ajili ya kuimba aliketi kurekodi na kijana aliyefundishwa kuimba ili achome wengine.

Kisha likaja jambo ambalo mwandishi yeyote wa habari hizi hana budi kulipa nafasi. Desemba 2008 Jal aliacha kula kifungua kinywa na chakula cha mchana. Alikula mlo mmoja kwa siku, jioni, akitafuta fedha za kujenga shule huko Leer kwa kumbukumbu ya Emma, na akaendelea hivyo kwa zaidi ya siku 600. Waliomdhihaki walisema ni maonyesho. Lakini mtu aliyewahi kushikwa na njaa ya nyika, njaa iliyoua rafiki zake ubavuni mwake, hachezi na njaa. Utotoni tumbo lake lilitolewa mhanga na wakubwa, na wimbo ukamfunika macho. Sasa alikuwa mtu mzima, amechagua mwenyewe, na matunda yake ni madawati.

Hata hivyo Nairobi haikuanza jana kuwaimbisha vijana wake vita. Kwenye Barabara ya Ngong, mwendo mfupi kutoka Kilimani, kuna makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941, nyasi zake zimekatwa vizuri kuliko za uwanja wowote wa umma jijini. Vijana wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni, walikwenda Burma wakiimba "Tufunge Safari." Fundi Konde, kijana wa Kigiriama, alikuwa nao na gita lake katika kikosi cha burudani, akarudi kuwa baba wa muziki wa Kenya. Wenzake wengi walirudi na nishani na ahadi zisizotimizwa. Watoto wa shule hupita nje ya lango lile kila siku kwenye mabasi ya njano, na ni wachache sana walioingia.

Yaliyofuata yanasemeka haraka. Kanda zilikufa, sidii zikaja zikafa. Vibanda vya kando ya barabara viliondolewa na mzee akarudi Machakos na katoni yake. Vijana wa ile nyumba walikwenda Juba kujenga nchi, na Desemba 2013, vita vilipozuka huko, baadhi yao wakarudi mbio. Leer iliteketezwa mapema mwaka 2014, hospitali na yote. Mwaka 2016 wasanii vijana wa Sudan Kusini waliokutana Nairobi walianzisha AnaTaban, yaani nimechoka, wakaimba na kuchora kutani bila kuchukua upande wa jenerali yeyote. Kwa waliozaliwa na nyimbo za kusifu makamanda, huo ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko kushika bunduki.

Tangu Aprili 2023 wamekuja wengine, safari hii wakikimbia vita vya Khartoum na Omdurman, na Kilimani imewapokea kwa kodi ya miezi mitatu kwanza. Wamo wanamuziki wasiofika miaka 25. Nyumbani kwao vijana wenzao walipika vyungu vya mtaa kulisha majirani waliozingirwa, na wa hapa walichanga kutoka kwenye kidogo walichokuwa nacho. Wanapiga udi kwenye sebule za ghorofa ya tisa, na jirani anapiga simu kwa bawabu.

Jirani huyo huyo huvumilia klabu inayotetemesha vioo vyake hadi saa kumi alfajiri. Hilo linaudhi. Kilimani ya nyumba za chini ilikuwa na ua, na uani vijana kumi waliweza kufanya mazoezi bila kumwamsha mtu. Ghorofa 20 zinapojengwa mahali pa ua mmoja, msanifu aweza kuacha chumba kimoja chini, kando ya maegesho, chenye kuta nene na mlango usio na kodi. Shangazi amemwandikia barua mjenzi wa lile jengo la Kindaruma akiomba hicho tu, na mpwa wake ndiye aliyeipeleka kwa mkono.