Hali ya Hewa Ndani ya Kisanduku

Mnamo mwezi wa Aprili mwaka wa 2025, vijana wawili Wabelgiji walinaswa Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000. Vyombo vya habari vililivalia njuga suala hilo, na mwezi uliofuata mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja. Wengi walicheka. Je, hata sisimizi wana bei? Mimi sikucheka. Kilichonigutusha ni jambo dogo lililotajwa kwa kupitia tu, kwamba wadudu hao walikuwa wametiwa katika vijichupa vyembamba pamoja na pamba, ili waweze kuishi humo hadi miezi miwili. Aliyewahi kutunza mdudu ndani ya kioo anaijua kazi ya pamba hiyo. Ni kumhifadhia unyevu.

Mimi nimewahi. Katika mwaka wa 2018 nilibahatika kwenda Marekani, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, kusaidia kufundisha Kiswahili kwa muda wa miezi tisa. Mji huo umejengwa baina ya maziwa mawili, Mendota na Monona, nayo huganda wakati wa baridi hata watu wakatembea juu yake na kutoboa barafu ili wavue samaki. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, umri wake miaka sabini na ushei. Siku ya kwanza, baada ya kunionyesha jiko na bafu, aliniambia kwamba nyumbani humo mlikuwa na mtu wa kwetu ambaye angependa nimjue. Moyo ulinidunda kwa furaha. Ni nani asiyefurahi kukutana na mtu wa kwao ugenini? Akaniongoza hadi chumba cha pembeni, akawasha taa, na mbele yangu kikatokea kisanduku cha kioo kilichojaa udongo hadi zaidi ya nusu. Katika mdomo wa shimo, akiwa ametulia tuli, palikuwa na buibui mkubwa kuliko kiganja changu.

Jina lake aliitwa Nairobi, ingawa sidhani kwamba aliwahi kuuona mji huo. Alikuwa wa rangi ya kutu, manyoya yake kama mahameli, na miguu yake ya nyuma ilikuwa minene na iliyopinda, kana kwamba ameazima miguu ya mnyama mwingine. Wafugaji wa Marekani humwita kwa jina la kibiashara lenye maana ya nyani mfalme. Kwenye jalada la daftari lililokuwa kando ya kisanduku paliandikwa jina la kitaalamu, Citharischius crawshayi, ambalo mtaalamu Pocock alimpa mwaka wa 1900. Jina hilo lilikuwa limekwisha kupitwa na wakati, kwa kuwa mwaka wa 2010 lilifutwa na kurejeshwa lile la kale zaidi, Pelinobius muticus, alilopewa na Karsch mwaka wa 1885. Makao yake ya asili ni nchi mbili tu, Kenya na Tanzania, katika nyika na mbuga kavu. Kwa hiyo yule mama hakunidanganya.

Fauka ya hayo, nilikuwa nimekwisha kukutana na jamaa zake. Nimelelewa karibu na Voi. Tulipokuwa watoto tukichunga mbuzi, tuliyajua matundu ya mviringo yaliyozungushiwa utando mdomoni, na mchezo wetu ulikuwa kumimina maji ndani ili mwenyewe atoke, kisha tutimue mbio huku tukipiga mayowe. Nyanya alitukemea kila mara. "Wajukuu wangu," alikuwa akisema, "nyumba ya mwenzio haifurikwi." Tulidhani anaonea huruma maji.

Mmiliki wa kwanza wa Nairobi alikuwa marehemu mume wa yule mama, mwalimu wa biolojia, aliyemnunua mwaka wa 2004 akiwa mdogo kama ukucha. Muuzaji alidai kwamba alianguliwa kifungoni. Huenda ni kweli. Nililisoma daftari zima nisipate uthibitisho, na nakiri kwamba kila nilipomtazama niliona kitu fulani ambacho hakikukaa sawa: mzaliwa wa nchi yangu, au mtoto wa mzaliwa huyo, aliyevuka bahari pasipo mtu wa kwetu kuulizwa. Hata hivyo huyo mwalimu alimpenda. Kwa miaka zaidi ya kumi aliandika kila siku nambari mbili, halijoto na unyevuanga. Alipofariki, mkewe aliendelea kumlisha nyenje na kumwekea maji, lakini daftari hakuligusa.

Hapa niruhusu, msomaji mpendwa, nichepuke kidogo. Nilipowafundisha wanafunzi wangu neno unyevuanga, mmoja aliniuliza iwapo watu wa kwetu hulitumia. Nilimpigia mama simu usiku huo. "Unyevu-nini, mwanangu?" aliniuliza. Nikamweleza. Akasema kwamba wao husema leo kuna fukuto, au hewa ni nzito, au nguo hazikauki. Niliyarudisha darasani majibu yote matatu, na nadhani lile la nguo ndilo lililo bora, maana linapima jambo lenyewe.

Mwezi wa Disemba mama mwenye nyumba alisafiri kwenda kwa bintiye Arizona kwa majuma saba. Aliniachia ufunguo, chombo cha nyenje na daftari. "Asiwe na baridi, asikauke," alinihimiza. Maneno mawili tu, na nikayaona mepesi kama unyoya.

Sikuwa nimetambua hila ya baridi ya ugenini. Hewa baridi haina nafasi ya kubeba maji. Katika halijoto ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke. Katika nyuzi 22 inaweza kubeba gramu 19 hivi. Basi hewa ya nje inapoingia nyumbani na kupashwa joto bila kuongezewa maji, unyevuanga wake hushuka hadi karibu asilimia 25, yaani ukavu wa jangwa katikati ya theluji. Midomo yangu ilipasuka. Kila niliposhika kitasa cha mlango cheche ziliniuma vidole. Na mshale wa kipimaunyevu kisandukuni ukateremka hadi 28, ilhali daftari lilisema 60 ukurasa baada ya ukurasa.

Nilishikwa na wahaka. Nilitwaa chupa ya kunyunyizia, nikanyunyiza asubuhi na jioni. Nambari ilipanda, ikashuka. Nikafunika wavu wa juu kwa plastiki. Isitoshe, nilipoona kipimajoto kinasoma nyuzi 20, niliubandua mkeka wa umeme uliobandikwa ubavuni mwa kisanduku, nikaulaza chini yake. Mantiki yangu ilikuwa ya mpishi. Nani aliwahi kuweka jiko ubavuni mwa sufuria?

Baada ya siku nane nambari zilipendeza kweli kweli, 27 na 70. Niliziandika daftarini kwa mwandiko wa kujivuna. Lakini kioo kilikuwa kinatiririka maji, kuvu nyeupe imetanda juu ya udongo, na Nairobi, ambaye aghalabu hakuonekana, alikuwa ametoka shimoni na kung'ang'ania ukuta wa kioo karibu kabisa na kifuniko. Alishinda hapo kutwa. Nilipofungua aliinua miguu ya mbele na kuikwaruza, ikatoa sauti kama ya mafuta kikaangoni. Nikarudi nyuma hatua tatu. Aina hii haina yale manyoya ya kuwasha ambayo buibui wakubwa wengi wa Amerika humrushia adui; silaha yake ni meno.

Usiku huo ndipo nilipolisoma daftari kama linavyopaswa kusomwa, kuanzia mwanzo, pamoja na maelezo ya pembeni niliyoyaruka nikikimbilia nambari. Mwalimu yule alikuwa amefanya kosa langu la mkeka mwaka wa 2005. Buibui wa kuchimba, aliandika, akizidiwa na joto huenda chini, kwa sababu kwao jua liko juu na ubaridi uko chini. Ukimwekea joto chini, umemgeuzia dunia. Anachimba akimbie moto, na kila anapochimba anaukaribia. Mahali pengine alieleza kwamba kipimo kilichobandikwa karibu na kifuniko hupima hewa ambayo mwenyeji haivuti. Yeye anaishi sentimita 25 chini, na huko hali ya hewa ni nyingine kabisa.

Palikuwa pia na jaribio la chumvi. Chukua kifuniko cha chupa, tia chumvi ya mezani, irowanishe kidogo iwe kama uji mzito, iweke pamoja na kipimaunyevu katika mfuko uliofungwa barabara, usubiri saa kadhaa. Hewa ya ndani itatulia katika asilimia 75. Nilifanya hivyo. Kipimo changu kilisoma 62. Kumbe ile 28 iliyonitia kiwewe ilikuwa ikikaribia 40, na ile 70 ya kujivunia ilikuwa zaidi ya 80, hewa iliyofungiwa, isiyozunguka, ya kuoteshea kuvu. Buibui hawa huvuta pumzi kwa mapafu yaliyopangwa mithili ya kurasa za kitabu, jozi mbili chini ya tumbo. Nilikuwa nimevilowesha vitabu vyake.

Niliondoa plastiki. Nilichota udongo wote ulioota kuvu. Mkeka niliurudisha ubavuni, upande mmoja tu, ukiwa umeunganishwa na kidhibitijoto, hata upande huo ukawa nyuzi 26 na wa pili 22, naye achague. Kuhusu maji, nilitwaa mrija, nikauchomeka kwenye pembe hadi chini kabisa, nikamimina kidogo kidogo ili tabaka la chini lirowe na la juu libaki kavu. Nilipokuwa nikimimina nilikumbuka matundu ya Voi, nikajionea haya peke yangu. Bakuli la maji safi likabaki juu. Baada ya siku mbili Nairobi aliteremka shimoni, akaziba mlango kwa utando. Nyenje niliyemtia hakuliwa, nikamtoa.

Kisha likaja juma la mwisho la Januari 2019, wakati hewa ya ncha ya kaskazini ilipoteremka na Madison ikafika nyuzi 30 chini ya sifuri. Masomo yalifutwa. Mtambo wa kupasha nyumba joto ulinguruma usiku kucha. Yapata saa nne za usiku nilichukua tochi, nikamulika kando ya kioo palipoonekana sehemu ya shimo. Nairobi alikuwa amelala chali.

Lo! Nilihisi damu ikinihama. Miaka 14 alilelewa na mtu asiyejua hata njia ya kwenda Kenya, kisha anafia mikononi mwa Mkenya! Nilikwenda jikoni kutafuta sanduku la kiatu la kumzikia. Nilikwisha kushika koleo dogo, niwe nachimba, nilipoona ni heri nimwarifu mwenyewe kwanza. Sauti yake kutoka Arizona haikutetereka. "Miguu yake imekunjika au imetanuka?" Imetanuka, nikamwambia. "Basi weka chini ulichoshika, uzime tochi."

Alinieleza kile ambacho mumewe alimweleza. Buibui hana msuli wa kunyoosha miguu yake yote. Huinyoosha kwa kusukuma maji ya mwilini, kama mpira unavyotutumka. Anapokufa, au anapokauka, msukumo hupungua na miguu hujikunja chini ya kifua kama ngumi. Aliyelala chali na miguu wazi hajafa. Anajivua gamba. Na katika saa hizo, maji aliyo nayo mwilini ndiyo yatakayopasua gamba la zamani na kumchomoa humo, mguu baada ya mguu. Akipungukiwa, atakwama. Ukimgusa, utamjeruhi, kwa sababu chini ya gamba ni laini kama jibini.

Nilikaa gizani juu ya kiti cha marehemu. Sikuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililonitesa. Kama chini hapakuwa pamerowa vya kutosha, muda wa kurekebisha ulikuwa umepita. Kila baada ya nusu saa niliwasha simu kidogo, nikafunika mwanga kwa kiganja. Saa saba ngao ya kifua ilikuwa imeinuka kama kifuniko cha birika. Saa tisa miguu ilikuwa nusu nje, myeupe, yenye unyevu. Niliposinzia na kuzinduka, alfajiri ilikuwa imeingia, na mle shimoni mlikuwa na buibui wawili: mmoja mtupu na aliyejikunyata, mwingine mweusi, mwenye kung'aa, amelala ubavu akijinyoosha polepole. Nilihesabu miguu yake mara tatu. Ilikuwa minane.

Daftarini niliandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza hakikunijia: Amejivua. Chini pamerowa, juu pakavu. Nyuzi 25. Sikuandika asilimia.

Mama aliporejea aliliweka lile gamba katika kisanduku cha mbao pamoja na mengine ambayo mumewe aliyahifadhi tangu lililokuwa dogo kama punje ya mchele. Akaniomba nimsomee maneno niliyoyaandika, kisha akayarudia kwa matamshi yake mpaka akayaweza. Niliporejea Kenya mwezi wa Mei, nilimwacha akiandika tena daftarini.

Mwezi huo wa Aprili 2025 nilikuwa nyumbani kwa likizo. Baada ya kusoma habari za Naivasha niliingia nyikani alasiri moja, nikiwa na kipimajoto na kamba. Tundu la kwanza lilikuwa tupu, limeanguka. La pili lilikuwa na utando mpya mdomoni, nikaliacha. La tatu lilikuwa tupu lakini zima, nikateremsha kipimajoto ndani kiasi cha urefu wa mkono. Juu ya ardhi nilipima nyuzi 43. Nilisubiri dakika 20 nikiwa nimejifunika kofia, kisha nikavuta kamba. Nyuzi 27, na kioo cha kipimajoto kilikuwa na ukungu.