Likizo Tabora: Kabla mtoto hajayaogopa macho ya bibi

Treni ya reli ya zamani kutoka Dar es Salaam haina haraka na mtu. Ikifika Tabora inagawanywa: mabehewa mengine yanakwenda Kigoma, mengine yanapanda Mwanza, na wa Mpanda nao wana njia yao. Abiria wanangoja. Watoto waliozoea mjini huanza kulalamika kwamba chaji imeisha na mtandao ni mdogo. Wazee hawalalamiki. Mama mtu mzima hushusha kapu lake, hutandika khanga chini, huketi, na dakika kumi hazipiti ameshajua jirani yake ametoka wapi, anakwenda kwa nani na binti yake ameolewa ukoo gani.

Huo ndio ukaribisho wa Tabora, na si wa jana. Mji huu ulikuzwa na watu waliokuwa wakingoja.

Katika karne ya 19, kabla ya Wajerumani kufikisha reli hapa mwaka 1912, msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea kwa miguu miezi mitatu hivi, ukapita Ugogo kwenye kiu na ushuru, ndipo ukaingia Unyanyembe. Mahali hapo wageni walipaita Kaze. Hapo mizigo ilifunguliwa na kupangwa upya. Waliotaka kuendelea hadi Ujiji walitafuta wapagazi wapya, na wengine walisubiri mvua iishe au vita itulie. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu walioifanya kazi hiyo kuwa fani ya heshima, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu, kichwani au begani. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Mtoto anayepelekwa Tabora aambiwe yote mawili.

Waliobaki njiani wakaoa, wakajenga, wakazeeka. Ndiyo maana mji huu hadi leo unaitwa kwa mapenzi Mboka Manyema, kwa ajili ya watu waliotoka upande wa Kongo, na ndiyo maana kwenye baraza moja unaweza kumkuta mzee Mnyamwezi, mzee Mmanyema na mzee mwenye asili ya Kiarabu wakigombania kete za bao kama watoto, kahawa ikipoa pembeni.

Asubuhi ya kwanza kwa bibi huwa na somo lake. Mtoto wa Dar anajua shikamoo, lakini huitupa huku anapita. Huku haipiti hivyo. Kwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, salamu kwa mkubwa ni kazi ya mwili: binti hupiga goti, kijana huinama kidogo, na neno "mwangaluka" hufuatwa na maswali ya usingizi, ya waliobaki nyumbani, ya ng'ombe na ya mvua. Salamu ya dakika tano si ajabu. Mara ya kwanza mtoto huona aibu. Siku ya nne anauliza mwenyewe, "Bibi umeamkaje, na mguu je?" Kuanzia hapo ameanza kumwona mtu badala ya kuona uzee.

Jambo jingine linalomshangaza mtoto wa mjini ni utani. Wanyamwezi ni watu wa utani. Utani wao na Wazaramo unaelezwa kwamba ulizaliwa kwenye misafara hiyo, wapagazi walipofika pwani wakakutana na wenyeji. Lakini utani mtamu zaidi ni wa nyumbani, kati ya mjukuu na babu au bibi. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumlaumu kwamba tangu aende mjini haleti hata sukari. Babu humwambia mjukuu wa kike kwamba huyu mzee wa jikoni amemchoka, sasa anamngoja yeye amalize shule. Bibi naye anajifanya kuwaka wivu. Mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia baba yake, humwambia babu katikati ya mzaha, na babu akajua. Wazazi wanaotafuta mtu wa kuzungumza na kijana wao aliyenyamaza ghafla akiwa kidato cha pili, pengine wanamtafuta mbali.

Kilomita chache kusini magharibi ya mji ipo Kwihara. Kuna tembe lenye kuta za udongo, ua katikati na milango ya kuchongwa, ambalo sasa ni makumbusho, na kuna miembe. Watoto wa shule hupelekwa pale kusoma habari za Livingstone na Stanley, wakarudi na tarehe. Kisa chenyewe, kikisimuliwa kifamilia, ni cha kijana na mzee.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa na miaka 30 alipomkuta David Livingstone Ujiji mwezi Novemba 1871. Alizaliwa Wales na mama ambaye hakuolewa, akalelewa na babu yake mzaa mama, babu akafa mtoto akiwa na miaka 5 hivi, na haukupita muda akapelekwa kwenye nyumba ya maskini. Alikuja Afrika kutafuta habari ya gazeti. Alipoipata angeweza kugeuza. Badala yake alikaa na yule mzee mgonjwa, aliyepungukiwa meno, karibu miezi minne. Walizunguka pamoja kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kisha wakatembea hadi Kwihara, wakafika Februari 1872. Waliachana tarehe 14 Machi, na Stanley mwenyewe aliandika jinsi kuagana kulivyomuuma. Safari zake za baadaye zilikuwa na ukatili mwingi, na hakuna haja ya kumpamba. Lakini ile miezi minne ni kweli.

Siku tano baadaye, Livingstone alitimiza miaka 59 peke yake ndani ya tembe. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, kwa hiyo alibakiza mwaka mmoja tu aingie kwenye dirisha la wazee. Alikaa Kwihara hadi Agosti, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Waliletwa.

Alikufa Mei 1873, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Kilichofuata ndicho kinachostahili kusimuliwa polepole pale chini ya miembe. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, miongoni mwao Halima aliyekuwa mpishi, waliukausha mwili wake na kuamua kuubeba hadi pwani. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Oktoba mwaka huo walipita hapa hapa Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, ambaye aliwashauri wamzike palepale, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Walimfikisha Bagamoyo Februari 1874. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wameishi na mzee huyo miaka, wakamjua hasira zake na wema wake.

Sasa lije jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi vya utalii.

Ukanda huu wa magharibi na kanda ya ziwa, Tabora ikiwemo, una historia mbaya ya kuua wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu za miaka ya 2010 zilihesabu mamia ya watu waliouawa nchini kwa mwaka mmoja kwa tuhuma hizo. Mara nyingi nyuma ya kifo kuna shamba la kurithi, au msiba wa mtoto ambao familia haikupata jibu lake, kisha mpiga ramli chonganishi akaelekeza kidole kwa jirani mzee. Na ushahidi unaotajwa ni nini? Macho mekundu.

Macho hayo yana sababu, na kila mtu aliyewahi kuingia jikoni kwa bibi anaijua. Ni miaka 50 au 60 ya kupuliza moto kwenye nyumba isiyo na dirisha, kuni mbichi wakati wa mvua, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa pale kuni zilipoadimika. Ni maradhi ya macho ambayo hayakutibiwa mapema kwa sababu zahanati ilikuwa mbali. Ugali uliokuza wajukuu ndio uliyachoma.

Mtoto haanzi na chuki. Huanza na woga mdogo: ngozi ya mikono iliyokunjamana, mdomo usio na meno, sauti inayotetemeka, macho hayo. Akiachwa mbali, woga hujazwa na hadithi za wenzake shuleni na filamu za vibibi wachawi. Akikalishwa karibu, woga huisha bila hotuba. Anaushika ule mkono kuusaidia kusimama, anaona ni wa moto na una nguvu kuliko alivyodhani. Anaona vile vidole vinavyopekecha karanga upesi kuliko vya mama yake. Anaanza kuona kwamba bibi akicheka uso wote unafanya kazi. Kuna uzuri ambao ujana hauna mahali pa kuuweka, na mtoto huuona upesi kuliko watu wazima.

Kinachotakiwa ni siku. Ziara ya Jumamosi asubuhi na kuondoka jioni, watu wote wakiwa na simu mkononi, humchosha mzee na haimpi mtoto kitu. Likizo ya Juni inafaa zaidi, mvua zimekwisha tangu Aprili au Mei, na usiku wa Tabora una baridi inayowafukuza wote kuja kwenye moto. Wasukuma huuita moto huo wa jioni shikome, mahali ambapo wazee waliwafundisha vijana tangu zamani. Desemba nayo ina maembe, na ya Tabora hayahitaji kusifiwa.

Mpe mtoto kazi ya kufanya na mzee. Kukata viazi vitamu vya kuanika: vikikatwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa, na ole wake atakayechanganya majina mbele ya bibi. Kwenda na babu msituni kuangalia mizinga, ajifunze miti ambayo nyuki wanaipenda na namna gome la mti linavyogeuzwa mzinga. Asali ya Tabora inauzwa nchi nzima, lakini watoto wengi wa mjini hawajawahi kumwona mrinaji.

Na aulize maswali. Mzee aliyekuwa na miaka 10 mwezi Januari 1958, TANU ilipofanya mkutano wake mkuu hapa Tabora na Nyerere akawashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, sasa anakaribia 80. Huenda hakuona mkutano, aliona vumbi tu na watu wengi. Hilo vumbi halimo kwenye kitabu cha darasa la sita. Simu, kama ni lazima iwepo, imrekodi bibi akisimulia. Wengi hukumbuka kufanya hivyo kwenye arobaini yake.

Si kwamba kila mzee ni mtamu. Wengine ni wakali, wengine wamesahau kila kitu isipokuwa deni la mwaka 1974, na wapo wanaosimulia kisa kimoja mara nne kwa siku moja. Mtoto atamwuliza mama kwa kunong'ona kama bibi amesahau kwamba ameshasema. Mama anaweza kumjibu kwamba hata yeye alisimuliwa hadithi ya sungura usiku mia, akataka usiku wa mia na moja.

Siku ya kuondoka, treni huchelewa kama kawaida, na bibi aliyeambiwa abaki nyumbani apumzike anakuwa ameshafika stesheni. Ana mfuko wa matobolwa na chupa ya asali iliyozibwa kwa nailoni, anaipitisha dirishani, anaagiza isilale ubavu. Mizigo inapangwa, mtu anahesabu watoto. Taa ya behewa inamwangaza usoni. Macho yake ni mekundu, na safari hii hajakaa karibu na moshi wowote. Mtoto amelala dirishani, amemshika kidole, anamkumbusha ameze dawa ya mguu.