Mlio wa Propela Katika Njia ya Bwera

Mji wa Kasese umelala tambarare, mgongo wake ukiegemea milima ya Ruwenzori na uso wake ukitazama nyika ya Ziwa George. Ni mji uliozaliwa na reli na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 ili ichukue shaba ya Kilembe, machimbo yaliyo kilomita chache juu katika bonde la mto Nyamwamba. Shaba ilikoma kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo hazifiki tena. Mto ule wenyewe umefurika mara kwa mara, na gharika za Mei 2013 na Mei 2020 zilichukua nyumba, madaraja na barabara. Lakini mazoea ya kushika chuma hayakuchukuliwa na maji. Apitaye asubuhi karibu na gereji za mji atasikia nyundo kabla ya kusikia salamu.

Kazi iliyoachwa na treni imerithiwa na malori, na huko vilimani, ambako malori hayapandi kwa raha, imerithiwa na pikapu. Pikapu ndizo zinazoshusha kahawa kutoka Kyarumba, Kyondo na Ihandiro. Ndizo zinazopandisha saruji ya Hima na chumvi ya Katwe. Juu ya magunia huketi watu, na juu ya watu pengine hufungwa kuku. Haishangazi basi kwamba ugonjwa mmoja wa magari umekuwa wa kawaida mno hapa hata madereva wengine hawauhesabu kuwa ugonjwa. Ni ule mlio mzito, "ko", unaogonga chini ya sakafu dereva anapoachia klachi.

Dereva mmoja wa Bwera alikuwa ameuvumilia mlio huo kwa muda wa majuma matatu. Alipoleta kahawa Kasese alisimama kwenye gereji moja, akaambiwa papo hapo kwamba difu imekwisha na kwamba hana budi kununua nyingine. Bei aliyotajiwa ilikuwa sawa na mapato yake ya msimu mzima, na ada za watoto zilikuwa mlangoni. Alishukuru, akawasha gari, akaanza safari ya kurudi kwao bila mzigo.

Kutoka Kasese hadi Bwera ni zaidi ya kilomita 50, na njia hiyo ni mwalimu mzuri kwa mwenye masikio. Kwanza barabara huelekea kusini katika nyanda zilizo wazi. Hapo gari likienda kwa mwendo mmoja, mlio ule hutoweka kabisa, na dereva asiyejua hujidanganya kwamba umepona. Haukupona. Nguvu ya injini inaposukuma upande mmoja bila kubadilika, chuma kilicholegea huwa kimeegemea upande wake na hakina sababu ya kugonga. Mguu ukiondolewa kwenye mafuta na kurudishwa, chuma huruka kutoka upande huu hadi ule, nacho husema.

Huko nyikani hata mwenye haraka ya kujua asisimame akaingia chini ya gari. Sehemu hii imo katika hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo huvuka barabara wanapotaka wao. Ni afadhali kusikiliza ukiwa ndani. Penye Kikorongo, karibu na mahali mstari wa Ikweta unapokata barabara, njia ya Bwera hukata mkono wa kulia na kuelekea magharibi. Dereva wetu alipunguza mwendo, akabadili gia, akaondoka tena: "ko". Alipofika kwenye matuta ya barabara alishika mafuta sawasawa, akayapita polepole, na hakusikia kitu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, ijapokuwa yeye hakulijua bado, kwa maana springi au boliti zake zikilegea, aghalabu hugonga kwenye matuta hata mafuta yasipoguswa.

Kadhalika alikumbuka kwamba siku kadhaa kabla ya mlio huo kuanza, gari lilikuwa likilia mlio mwembamba kama wa shomoro, ukiharakisha kadiri gari lilivyoharakisha. Kisha shomoro yule alinyamaza, na "ko" ikaanza. Alidhani ni mambo mawili tofauti.

Baada ya Kinyamaseke na Kisinga, vilima husogea karibu na barabara, migomba huongezeka, na Bwera hutokea. Mbele kidogo ni Mpondwe, mpakani mwa Kongo, na ng'ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi. Huku magari hupita kushoto, kule hupita kulia. Wenyeji wa pande mbili ni ndugu, lakini hata kipande cha gari kina majina mawili: kinachoitwa propela upande wa Uganda, mafundi wa kule waliolelewa katika Kifaransa hukiita kardani.

Fundi wa Bwera aliyeendewa ni mtu mzima, asiyependa maneno mengi.

"Mzee, wameniambia ni difu," dereva alisema.

"Nani aliyeingia chini akaiona?"

"Hakuna aliyeingia. Walisikia tu."

"Basi leo utaingia wewe."

Gari liliwekwa mahali palipo sawa, mawe yakawekwa mbele na nyuma ya magurudumu, gia ikatolewa, breki ya mkono ikaachiwa. Fundi hakuwa na haraka juu ya mawe yale. Katika Land Rover za zamani, alieleza, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Propela ya nyuma ikifunguliwa au ikikatika, breki ile haizuii chochote, na gari huweza kumshukia aliye chini yake. Pikapu hii haikuwa ya namna hiyo, lakini mawe ni ya magari yote.

Dereva akalala chali. Aliambiwa ashike propela kwa mkono mmoja na chuma cha difu kwa mkono wa pili, kisha avizungushe kinyume, huku macho yakiwa kwenye kiungo cha msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi. Kiungo cha nyuma kilikuwa kimya. Propela nzima ilizunguka kidogo pamoja na chuma cha difu, na fundi akasema huo ni ulegevu wa meno ndani ya difu, nao ukiwa mdogo si kosa. Ndipo walipohamia mbele, upande wa giaboksi. Pale msalaba ulicheza ndani ya vikombe vyake kama jino bovu, na pembeni mwa kikombe kimoja palikuwa na unga mwekundu wa kutu. Shomoro alikuwa amefia pale. Grisi ilikauka, chuma kikalia kwa kusagana na chuma. Kiliposagika na kupata nafasi, kilio kikageuka kuwa kugonga.

Hatari haiko katika kelele. Kiungo cha mbele kikikatika, ncha ya propela huanguka na inaweza kujichimbia ardhini, gari likiwa bado linakwenda mbele. Na katika mteremko kama ule wa Ihandiro, pikapu iliyopoteza propela haiwezi tena kuzuiwa na gia. Mzigo wote, na watu walio juu ya magunia, huachiwa breki peke yake.

Kabla ya kufungua boliti, fundi alitia alama za rangi kwenye propela na kwenye vyuma inamofungwa. Mafundi wengi vijana huliruka jambo hili, na sababu yake ni ya zamani kuliko magari. Kiungo hiki kilipewa jina la Mwitalia Gerolamo Cardano wa karne ya 16, na katika karne ya 17 Mwingereza Robert Hooke alikitumia katika chombo cha kutazamia jua. Ilijulikana tangu hapo kwamba kiungo kimoja kikiwa kimepinda hakizungushi sawa: katika kila mzunguko upande wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili. Ndiyo maana propela fupi ina viungo viwili vilivyoelekezwa sawasawa, ili cha pili kisawazishe kosa la cha kwanza. Anayeiunganisha propela ovyo, jino moja likikosea mahali pake, atapata gari linalotetemeka na atalaumu matairi.

Msalaba wa zamani ulitolewa kwa kubanwa kwenye jiliwa, si kwa kupigwa nyundo, maana masikio ya propela yakipindishwa hakuna msalaba mpya utakaokaa. Ndani ya kila kikombe kipya mna vijiti vya chuma vyembamba kama sindano, na kimoja kikilala vibaya kikombe hakiingii hadi mwisho. Fundi alirudia kikombe kimoja mara tatu. Baadaye alitia grisi hadi ikachungulia katika vikombe vyote vinne, akapaka pia pale propela inapoteleza kurefuka na kufupika, kwani pakikauka hapo gari hugonga hata kwa kusimama tu. Pikapu ndefu zina beringi ya katikati ya kutazamwa vilevile. Hii haikuwa nayo.

Kisha akaenda nyuma, akaonyesha springi. Mwenye gari alikuwa ameongeza vyuma viwili ili abebe magunia zaidi, na nyuma ya gari ikapanda juu. Propela nayo ilikuwa imepinda kuliko ilivyoundwa. "Kimoja kitoe," fundi alisema, "au tuonane tena mwaka huu." Tena akamwonya juu ya chumvi ya Katwe, ambayo maji yake huchuruzika kutoka kwenye magunia hadi kwenye vikombe, na juu ya kuoshea gari mtoni bila kutia grisi baadaye.

Kutoa chuma cha springi ni kutoa magunia, na dereva alinyamaza kidogo akipiga hesabu. Mwishowe alikubali. Msalaba mpya na kazi ya fundi vilimgharimu sehemu ndogo tu ya bei ya difu aliyotajiwa, na ada ikabaki mfukoni.

Jioni alipanda kuelekea Ihandiro, fundi akiwa kando yake. Penye mpando wa kwanza aliachia klachi, wote wawili wakatega masikio. Kulisikika sauti ndogo sana kutoka nyuma, "ki".

"Je, hiyo, Mzee?"

"Hiyo ni difu," fundi alijibu. "Ina umri wake. Twende."