Nimepita Kisawasawa Nimelala

Shoga yangu,

Nakuandikia kutoka Kisawasawa, kwa shangazi. Macho yangu mazito kwa usingizi na kwako nina kinyongo kidogo.

Si wewe uliyeniapia kwamba kwenye treni tembo wanajipanga kando ya reli kama wapiga debe wa stendi? Nikakuamini. Nikaacha basi ambalo lingenishusha jirani na kwa shangazi mchana kweupe, nikakata tiketi ya daraja la pili, kitanda cha juu, na simu nikaichaji hadi mwisho kwa ajili ya picha.

Ulichosahau kuniambia ni hesabu ya jua. Treni ya kwenda Mbeya inaondoka Dar alasiri. Mpaka ifike kwenye Hifadhi ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, magharibi imeshapita. Nilibandika uso kiooni, nikajiona mwenyewe. Mara kitu kikubwa cheusi kikatokea kando ya reli, chumba kizima tukapiga kelele "Huyo!" Lilikuwa tangi la maji. Na giza, dada, halina ofisi ya malalamiko. Baadaye ndiyo nikakumbuka: wewe ulikuwa unatoka Tukuyu! Anayekuja Dar hukatiza mbuga asubuhi. Tembo wako ni wa kurudia, si wa kwendea.

Ndani tulikuwa wanawake sita. Kwenye kitanda cha chini yangu alikuwa mama mmoja wa Mlimba, mfanyabiashara wa vitenge, mzigo wake umejaa hadi miguu yetu ikakosa pa kutua. Alifungua hotpoti, akaanza kugawa wali na samaki wa kukaanga, anapima kwa mfuniko wa chupa ya chai, mmoja baada ya mwingine, bila kumuuliza mtu kama ana njaa. Nilipomweleza habari za tembo alicheka mpaka akapaliwa. Kumbe baba yake alikuwa kibarua wakati reli inajengwa, kati ya 1970 na 1975. Alisema kazi ngumu ilikuwa juu ya kwao, Mlimba kwenda Makambako, kutoboa milima na kuvusha madaraja kwenye makorongo. Asubuhi wanaoendelea na safari huyaona yote hayo. Mimi nishashuka.

Kidatu nayo niliitamani. Ndipo TAZARA, reli yetu hii, inapokutana na tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa, na hazipatani: moja ina upana wa milimita 1,067, nyingine 1,000, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kupita kule, mzigo lazima uhamishwe. Mtu niliyesoma jiografia nilitaka kuona hayo kwa macho yangu. Niliona taa mbili na mbwa.

Baada ya hapo nikalala. Reli inapita kandokando ya barabara kuu ya huku, kwa hiyo nyumba ya shangazi niliipita nikikoroma. Mama wa Mlimba ndiye aliyenitikisa Ifakara, usiku wa manane, akanishushia begi dirishani. Nikakaa stesheni na mbu hadi kukapambazuka.

Sasa sikiliza. Niliyoyatafuta usiku kucha niliyapata kwenye daladala ya kurudi, kwa nauli ya kunywea chai. Tulipoiacha Kibaoni, Udzungwa ikajitokeza mkono wa kushoto, ukungu umeishika kiunoni, chini yake mashamba ya mpunga, watu wanavuna, wengine wanapiga masuke juu ya turubai. Kiberege tukapakia magunia na bata. Kondakta akauliza nimetokea wapi. Nilipomwambia Dar, kwa treni, akaniangalia kwa huruma.

Shangazi anasema treni ya kupandwa ilikuwa kipisi, ile ya wenyeji ya Kidatu hadi Makambako. Humo watu walipakia mpunga, ndizi na kuku, na stesheni zote za bondeni ilisimama. Kwa maneno yake, ile ya usiku ni ya watu wanaokwenda kwao mbali.

Hata hivyo kurudi nitapanda hiyohiyo, usinicheke. Mchele mpya umekoboka, unanukia nyumba nzima. Niambie kabla ya Ijumaa unataka kilo ngapi: mimi nitapanda treni, mchele utapanda basi.