MITA HAISEMI YOTE

Huku kwetu Mogogosiek majani chai yametandaa kama zulia la kijani mpaka macho yachoke. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Naandika haya ili nyinyi mnaokimbia fizikia mkidhani ni mambo ya mtihani tu, mjue kwamba yaweza kuzuia ugomvi kijijini.

Sisi watoto wa wakulima tunaujua ubishi wa mizani. Siku ya kupima majani kila mtu hukodoa macho, maana kilo ikipotea ni pesa imepotea. Basi kaka yangu alipopata bonasi alinunua inveta ya kibanda chake cha kinyozi, kwani stima ikipotea wateja nao hupotea. Inveta huchukua umeme wa betri wa volti 12, uendao upande mmoja tu, ikautoa ukiwa wa volti 240, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde kama ule wa nguzo.

Mashine ya kunyoa ikaanza kunguruma na kupata moto. Fundi mmoja akaunganisha taa ya wati 60 akapima mkondo. Kwa volti 240, taa hiyo yapaswa kuvuta ampea 0.25. Mita ikasema 0.19! Kaka akapandwa na hasira.

"Huyu mzee wa duka ameniuzia takataka! Leo atanitambua!"

Mzee huyo ni jirani yetu, na watoto wake tunasoma nao. Nilimsihi kaka angoje, nikamwomba mwalimu wetu wa fizikia atusaidie.

Mwalimu alitueleza kwamba osiloskopu, chombo kinachochora wimbi la umeme kwenye kioo, hupima volti wala si ampea. Kwa hivyo aliweka rezista ya omu 1 katika njia ya mkondo. Kwa kanuni ya Ohm, kila volti inayoonekana kwenye rezista hiyo ni ampea moja inayopita. Aliunganisha mwenyewe, sisi tukikaa mbali, kwa sababu volti 240 huua. Akaonya pia kwamba waya wa ardhi wa osiloskopu usiguse kamwe stima ya ukutani, si mchezo! Inveta yetu iliendeshwa na betri pekee, juu ya meza ya mbao.

Tulitarajia wimbi la mviringo kama vilima vya kwetu. Kumbe ni ngazi! Mkondo ulipanda ghafla hadi ampea 0.35, ukakaa hapo milisekunde 5, ukaanguka hadi sufuri na kupumzika milisekunde 5, kisha ukafanya vivyo hivyo upande wa pili.

Hapo siri ikafichuka. Mita ya bei nafuu hutafuta wastani, yaani 0.175, kisha huuzidisha kwa 1.11 ikiamini kila wimbi ni la mviringo. Jibu ni 0.19. Lakini joto la taa hufuata mraba wa mkondo. Mraba wa 0.35 ni 0.1225. Kwa kuwa nusu ya muda mkondo ni sufuri, wastani wake ni 0.061, na kipeuo cha pili cha hiyo ni karibu 0.25. Taa ilikuwa inapata haki yake kamili!

Mzee hakuwa mwizi. Hata hivyo, kaka naye hakulalamika bure, kwani wimbi la ngazi ndilo lililofanya mashine ingurume na kupata moto. Walikaa chini wakaelewana kwa upole: kaka akarudisha inveta ile, akaongeza pesa, akapewa ya wimbi la mviringo. Mashine sasa yafanya kazi kimya.

Wenzangu, kila chombo cha kupimia kina jambo kinalolidhania kabla ya kupima. Ukisikia kwamba jirani ni mwizi, uliza kwanza amepimwa kwa nini.