Komini na Kura

Ndugu na jamaa, watoto wetu waliozaliwa hapa Bruxelles huuliza kwa nini sisi wazee wa Kivu twaisifu mno ofisi ya komini. Nami najibu.

Mwezi wa Juni 2010 Wabelgiji walipiga kura, kisha vyama vya Waflamandi na vya wasema Kifaransa vikashindwa kupatana. Zikapita siku 541 bila serikali mpya. Mimi nilingojea fujo. Kumbe mawaziri wa zamani walishika kazi za kila siku, majimbo yalikuwa na serikali zao, na komini zikaendelea kuandikisha watoto waliozaliwa.

Kwetu Kongo, Kinshasa haikukosa rais. Lakini Desemba 2018 watu wa Beni na Butembo waliambiwa wasubiri hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na vita. Rais akaapishwa Januari, wao hawajapiga kura. Na madiwani wa komini, ambao sheria iliwaahidi zamani, walichaguliwa Desemba 2023, tena si katika komini zote.

Sisemi kwamba Ubelgiji ni peponi, ubaguzi tumeuonja. Ila nimeona kwamba nyumba yenye msingi hungoja paa bila kuanguka.

Tangu 2006 hata asiye raia, akiwa amekaa hapa miaka 5 kwa halali, aweza kujiandikisha kwa uchaguzi wa komini. Jamaa ambao hamjajiandikisha, nendeni. Kura waliyocheleweshewa ndugu zetu wa Beni, sisi tusiiache mezani.