Rubani wa Vita na Kitabu Chake

Neno rubani lilikuwa la bahari kabla halijawa la anga. Katika pwani ya Afrika Mashariki rubani alikuwa mtu aliyejua miamba na mikondo, akakiongoza chombo cha watu kupita mlango wa bandari pasipo kudhurika. Sifa yake ilikuwa moja tu, nayo ni vyombo vilivyofika salama. Ndege zilipokuja, lugha haikuona haja ya kutunga neno jipya. Ilimtoa rubani majini ikampandisha mawinguni. Walakini vita vilipomkuta huko juu, kipimo cha sifa yake kiligeuka. Rubani wa bahari alihesabiwa vyombo alivyofikisha. Rubani wa vita alihesabiwa vyombo alivyoangusha. Vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya marubani wa Vita Kuu ya Pili, vya mwaka 1939 hata 1945, vimesimama juu ya kipimo hiki kipya, na msomaji mwenye busara hana budi kukipima kipimo chenyewe.

Si ajabu kwamba vitabu hivyo vilipendwa. Vita vile vilikuwa vya umati. Watu walikufa kwa maelfu katika miji, mahandaki, makambi na merikebu bila ya kuuona mkono uliowaua. Katika umati huo rubani wa ndege ya mapigano alikaa peke yake katika kiti kimoja, na kwa hiyo alikuwa na uso na jina. Habari yake ilifanana na habari za mashujaa wa tenzi: mtu mmoja mbele ya adui mmoja, na macho ya watu yakitazama juu. Paul Brickhill, ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa mapigano na mfungwa wa vita, alitoa kitabu Reach for the Sky mwaka 1954 juu ya Douglas Bader. Bader alikatwa miguu yote miwili baada ya ndege yake kuanguka mwaka 1931, akajifunza kutembea kwa miguu ya bandia, akarudi kuruka vitani, akaongoza marubani wenzake, kisha akatekwa Ufaransa mwaka 1941 na hata kifungoni hakuacha kujaribu kutoroka. Kijana asomaye habari kama hizi hujifunza kwamba msiba si mwisho wa mtu. Hiyo ni faida ya haki, wala haifai kudharauliwa.

Lakini kila sifa ina mizani yake, na mizani ya hesabu aghalabu huelemea upande wa mpimaji. Tarehe 15 Septemba 1940, siku kubwa katika vita vya kuitetea anga ya Uingereza, ilitangazwa kwamba ndege 185 za Wajerumani zimeangushwa. Kumbukumbu za Wajerumani zilipochunguzwa baada ya vita, hesabu ilishuka mpaka kukaribia 60. Si lazima kusema kwamba marubani walidanganya. Ndege mbili au tatu ziliweza kuipiga shabaha moja kwa wakati mmoja, na kila rubani akaona moshi kwa macho yake, akaamini kuwa ni kazi ya mkono wake. Mwendo ulikuwa mkali, mawingu yalifunika, na mtu aliyekuwa akiepa kifo chake hakuwa na nafasi ya kufuata kifo cha mwenzake mpaka ardhini. Fauka ya hayo, taifa lililokuwa katika hofu lilihitaji habari njema. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kosa halikuwa la macho yaliyoona moshi. Lilikuwa la vitabu vilivyoendelea kuuita moshi kuwa ni moto baada ya ukweli kujulikana.

Hesabu nyingine ya vita hivyo haikuhitaji kusahihishwa namna hiyo. Katika watu zaidi ya 2,900 walioruka katika ndege za mapigano upande wa Uingereza kati ya Julai na Oktoba mwaka ule, 544 waliuawa. Mmoja wa waliobaki alikuwa Richard Hillary. Alitunguliwa tarehe 3 Septemba 1940, akaungua uso na mikono kabla hajaweza kutoka katika ndege, akashuka baharini kwa mwavuli, akaokotwa na mashua ya waokoaji. Siku zake nyingi zilizofuata alizipitisha chini ya kisu cha daktari Archibald McIndoe, aliyewatengenezea marubani walioungua nyuso mpya katika hospitali ya East Grinstead. Kitabu chake, The Last Enemy, kilitoka mwaka 1942. Humo Hillary hajipambi. Anaeleza kwamba aliingia vitani kwa ajili ya nafsi yake, apate kuonja hatari na kujijua, na kwamba vifo vya rafiki zake vilimvua kiburi hicho kidogo kidogo. Tena hakukimaliza kitabu kwa ushindi wa angani. Alikimaliza kwa mwanamke aliyefukuliwa chini ya nyumba iliyobomolewa na bomu mjini London. Shujaa alimpisha mtu asiye na sifa katika kurasa za mwisho, na kwa kumpisha alipata cheo ambacho mizinga ya ndege yake isingaliweza kumpa. Aliomba kurudi kuruka ijapokuwa mikono yake ilikuwa haijarudia nguvu zake. Aliuawa tarehe 8 Januari 1943 katika mazoezi ya kuruka usiku, pamoja na mwenzake, naye ana umri wa miaka 23.

Habari ya Roald Dahl yaligusa bara hili kwa karibu zaidi. Mtu huyu, ambaye baadaye alivuma kwa hadithi za watoto, alikuwa mtumishi wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam vita vilipoanza. Mwishoni mwa mwaka 1939 alikwenda Nairobi, akajiunga na jeshi la anga, akajifunza kuruka juu ya nyika za Kenya. Mwezi wa Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Afrika ya Kaskazini, akavunjika fuvu na kupoteza uwezo wa kuona kwa muda. Mwaka 1942 gazeti moja la Marekani lilichapa habari hiyo chini ya kichwa kilichosema kwamba alitunguliwa juu ya Libya. Miaka mingi ilipita. Katika kitabu Going Solo cha mwaka 1986 mzee Dahl alieleza kwamba hapakuwa na adui yeyote. Alikuwa ameelekezwa mahali pasipo sahihi, akatafuta kiwanja cha kikosi chake mpaka petroli ikakaribia kwisha na jua likazama, akajaribu kutua mchangani, ndege ikagonga jabali. Habari ya kwanza ilitakiwa na vita. Ya pili ilitakiwa na ukweli. Yamkini ya kwanza ilisisimua watu zaidi, lakini ni ya pili iliyomfundisha msomaji vita ni nini: elekezo moja lililokosewa na mtu mwingine lilitosha kufanya kazi ya risasi.

Kitabu hicho hicho kina askari wa King's African Rifles ambao Dahl alipewa kuwaongoza karibu na Dar es Salaam siku za kwanza za vita. Wanapita katika kurasa chache, kisha wanatoweka, na kitabu kinapanda angani pamoja na rubani wake. Askari wa jeshi hilo hawakutoweka duniani. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942; na mwaka 1944 walitembea katika matope ya masika ya bonde la Kabaw, Burma. Tarehe 12 Februari ya mwaka huo merikebu Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani ya chini ya bahari, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu waliokufa walikaribia 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Hakuna aliyepewa nafasi ya kuwa jasiri. Hapana kiti kimoja, hapana uso mmoja, hapana hesabu ya ndege. Kwa hiyo mwandishi wa mashujaa hana pa kuanzia, na kifo cha watu wengi kiasi hicho huwa chepesi katika vitabu kuliko pigano moja la angani.

Pengo hili halikuachwa tupu kabisa. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliacha utenzi mrefu juu ya vita hivyo, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967. Mwaka huo huo Waruhiu Itote, aliyekuwa askari Burma, alitoa kitabu cha maisha yake, na humo vita vya mbali vimekuwa shule ya maswali: mtu atumwaye kupigania uhuru wa wengine hujiuliza wake uko wapi. Swali hilo lilihitaji ujasiri usiopungua ule wa kupanda ndege.

Basi vitabu vya mashujaa na visomwe, wala visionewe haya. Visomwe kama ushahidi, si kama hukumu. Shahidi mwema husema aliogopa pale alipoogopa, husema hakujua pale asipojua, na huwataja waliosimama kando yake hata kama kuwataja kunampunguzia sifa. Mwandishi wa vita naye ni rubani wa aina ya kale: mwamba mmoja mbele yake ni fahari, wa pili ni usahaulifu, na abiria wake ni watu waliokufa wasiweze kujisemea. Kazi yake haipimwi kwa idadi ya maadui aliowaangusha katika kurasa zake, bali kwa idadi ya wafu aliowafikisha.